Betri Ni Mafuta Uliyoyalipia Mapema

Maneno haya niliyasema mbele ya mkutano mkuu wa chama chetu cha kuweka na kukopa. Wanachama wengi ni madereva wa bajaji na bodaboda wa Temeke. Waliokosa kufika waliomba niyaandike, nami nimeyaacha karibu yalivyotoka, ila nimeondoa pale nilipokuwa naomba maji ya kunywa.

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa kamati ya mikopo, ndugu wanachama. Wakubwa zangu shikamooni. Vijana, nawasalimu.

Barua ya katibu ilikuwa na swali moja tu: chama kianze kukopesha bajaji za umeme, au tuendelee na mikopo ya kufunga mfumo wa gesi asilia kwenye bajaji za petroli? Nimekaa na swali hilo wiki tatu. Nimeleta vitu viwili. Kimoja ni daftari hili. Kingine ni hiki hapa mezani, na aliyekaa mbele asikiguse kwa sababu kinavuja tindikali. Hii ni betri ya volti 12, ya risasi. Ni maiti. Nawaomba nianze na habari zake, maana hesabu zangu zote zimetokana na msiba wake.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi betri pale Gerezani. Nimekua naona betri zikipangwa ukutani kama mikate, na baba akichovya kile kipimo chake cha kioo kwenye kila tundu, anakiinua juani, anasoma. Akishamaliza hasemi "imekufa." Anasema "tundu la tatu limechoka." Betri haifi yote kwa pamoja, ni tundu moja linachoka, halafu linayaburuta mengine.

Sasa, mdogo wangu alichukua chombo cha miguu mitatu cha umeme, cha kubebea mizigo, kwa mkataba. Mnaijua mikataba yetu: unaleta hesabu kila siku, miezi kumi na minane, chombo kinakuwa chako. Muuzaji simtaji. Chombo kilikuwa na betri tano kama hii, zimeunganishwa kupata volti 60. Miezi ya kwanza alikuwa anatoka Mbagala alfajiri na mzigo, anazunguka kilomita sabini, anarudi jioni anachomeka. Kila siku ananipigia simu kunicheka mimi niliyekuwa bado nanunua petroli.

Mwezi wa nane kilomita zikawa hamsini. Akasema labda ni mzigo. Mwezi wa kumi na tatu akanipigia saa saba mchana, chombo kimemzimikia kwenye kile kipandio cha Mtoni, amepakia mabati ya watu. Kilomita ishirini na mbili tu tangu asubuhi. Nikaenda na mita yangu. Tukafungua boksi, nikamwambia akanyage, na mimi nikapima moja moja. Nne zilishika volti 11 na ushei. Ya tano, hii hapa, ikashuka mpaka 9 mbele ya macho yetu. Nikamkumbuka mzee na tundu lake la tatu.

Muuzaji akasema dereva ameendesha vibaya. Karatasi ya dhamana ilitaja mota, ikataja fremu, betri haikutajwa popote. Bei ya betri tano mpya ilikuwa sawa na hesabu ya miezi minne. Na mkataba wenyewe, ndugu zangu, ulikuwa umebakiza miezi mitano. Shikeni hapo: deni lilikuwa na miezi mitano ya kuishi, na chombo kilikuwa kimeshakufa. Mdogo wangu alikuwa analipia mafuta yaliyokwisha.

Betri za risasi za aina hii hujazwa na kuisha mara 300 mpaka 500, basi. Kwa mtu anayechaji kila siku, huo ni mwaka mmoja, au mwaka na miezi kidogo. Hakuna aliyemloga. Ilikufa kwa umri wake, ila umri huo hakuna aliyemwambia.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwa wameona betri.

Ukinunua petroli unalipa ya leo. Kesho hujui bei, lakini na deni huna. Ukinunua betri nzuri ya lithiamu umelipia kilomita za miaka sita kwa siku moja, zimewekwa ndani ya boksi, na boksi lile linaoza taratibu hata ukilipaki. Kwa hiyo anayeniuliza "umeme ni nafuu?" namjibu kwamba umeme ni nafuu, hilo halina mjadala. Nenda dukani nunua LUKU ya elfu kumi, utapata yuniti 28, yaani shilingi 356 kwa yuniti. Kinachouma ni boksi unalouwekea huo umeme.

Tufungue daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na baadhi yetu humu tumepotelewa na bajaji nzima bila habari.

Nimechukua bajaji inayotembea kilomita 120 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Petroli nimeweka shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi. Mnajua EWURA, wanaodhibiti bei ya mafuta, wanaibadilisha kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mnajua 2022 ilitufikisha wapi. Bajaji ikienda kilomita 25 kwa lita, siku moja inakunywa shilingi 14,400.

Gesi. Kilo moja ya gesi asilia ina nguvu ya kama lita moja na nusu ya petroli, hivyo nimeipa kilomita 36 kwa kilo. Kwa bei tuliyoizoea ya shilingi 1,550 kwa kilo, siku inakula kama 5,200. Ongeza kufunga mfumo na mtungi: nimeweka milioni moja na nusu, nikaigawa kwa siku 2,000, ikawa 750 kwa siku. Ongeza oili ya injini, lita ya elfu kumi na mbili kila siku ishirini, 600. Jumla 6,550.

Umeme. Bajaji ya namna hiyo itakula yuniti tisa kwa siku, pamoja na zinazopotea kwenye chaja. Shilingi 3,200. Hapo vijana wanapiga makofi, na wauzaji nao wanaishia hapo. Sisi tuendelee. Betri ya lithiamu ya yuniti kumi: nimeipa bei ya shilingi milioni 5 ikiwa hapa Dar, imeshalipiwa kila kitu. Ikidumu mizunguko 2,000, yaani kujazwa na kuisha mara 2,000, mara moja kwa siku, kila siku inaliwa 2,500. Ukikopa hiyo milioni 5 kwa asilimia moja na nusu kwa mwezi kwa miaka mitatu, utarejesha kama milioni 6 na nusu. Riba yake ukiitandaza kwenye siku zilezile 2,000 ni 750 nyingine. Jumla 6,450.

Chombo chenyewe, ukiondoa betri, nimekichukulia kuwa bei ni ileile.

Kwa hiyo petroli 14,400, gesi 6,550, umeme 6,450. Petroli ameshatolewa nje ya uwanja. Gesi na umeme wanatofautiana shilingi mia. Hiyo mia hainunui hata kikombe cha chai, na mtu asije humu akawaambia moja imemshinda mwenzake kwa sababu ya bei ya kitu kinachoingia. Zimefungana. Anayeshinda anapatikana kwingine.

Sehemu ya kwanza ni idadi ya mizunguko. Betri ileile ya milioni 5 ikidumu mizunguko 3,000 badala ya 2,000, kuoza kwake kunashuka kutoka 2,500 mpaka 1,670 kwa siku. Ikidumu 1,000 kunapanda mpaka 5,000. Angalieni upana wa hapo: kati ya 1,670 na 5,000 kuna tofauti kubwa kuliko bili nzima ya umeme ya siku. Umeme ungekuwa bure kabisa, betri mbovu pamoja na riba yake bado ingekula karibu sawa na gesi ya kulipia.

Na kinachoamua mizunguko si bahati. Ndani ya betri ya lithiamu kuna utando mwembamba unaojijenga taratibu juu ya upande wa hasi, na kila unapozidi kujijenga unakula lithiamu ambayo ilitakiwa isafiri kwenda na kurudi. Joto linauharakisha utando huo. Kukaa imejaa pomoni nako kunauharakisha. Sasa fikiria siku ya dereva wetu mwezi wa Februari: anaingia kijiweni saa nane mchana, boksi la betri liko chini ya kiti cha abiria, moto wa lami unapanda, anachomeka hapohapo kwa chaja ya haraka, inajaa, halafu anaiacha imejaa juani mpaka saa kumi kwa sababu abiria hakuna. Amefanya makosa matatu kwa mkupuo mmoja. Yule anayeipumzisha nusu saa kabla ya kuchomeka, anachaji usiku, na siku za mapumziko anaiacha nusu, anaweza kutembea hata miaka miwili zaidi kwa betri ileile. Miaka miwili, bila kuongeza senti.

Halafu kuna aina. Kwenye kibati cha betri tafuteni herufi tatu, LFP. Hiyo ni lithiamu ya fosfeti ya chuma. Haina kobalti wala nikeli ndani yake, inavumilia mizunguko mingi zaidi, na ni nzito kidogo, lakini bajaji si ndege. Zile zenye kobalti zinafungamana na habari za Kolwezi, mji wa migodi kule Kongo. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, na Februari 2025 serikali ya kule ilisimamisha kuiuza nje, wakubwa wa viwanda wakahangaika. Dereva wa Tandika hana sababu ya kubeba mashaka hayo mgongoni.

Sehemu ya pili ni foleni. Nani humu hajapanga foleni ya gesi usiku? (Ukumbi ulicheka, mzee mmoja akasema yeye ameshawahi kulala hapo na shuka.) Basi wekeni foleni kwenye daftari. Siku ya saa kumi na mbili inayoingiza elfu arobaini, kila saa ina thamani ya 3,300. Ukipoteza saa moja na nusu kwenye foleni umelipa elfu tano ambazo hazimo kwenye risiti. Gesi yako ya 6,550 imekuwa 11,500 na ushei. Vituo vinaongezeka, na siku foleni ikiwa ya dakika kumi, gesi itarudi kushika nafasi yake. Nasema hivi kwa sababu gesi siichukii. Ni yetu. Ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na ikaanza kufika hapa Dar 2004, ikafuata ya Mnazi Bay kwa bomba la kutoka Mtwara mwaka 2015. Nchi isiyosafisha mafuta hata pipa moja tangu TIPER ilipoacha kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990 haiwezi kuidharau gesi yake.

Kuna ndugu alinipinga wiki iliyopita: umeme wenyewe si unatokana na gesi ileile, inayochomwa kwenye mitambo ya Kinyerezi? Kweli, sehemu yake. Lakini injini ya bajaji ikichoma gesi, robo tu ya nguvu ndiyo inafika kwenye tairi, pengine chini ya hapo. Iliyobaki inapasha joto hewa ya Temeke, ambayo haikuomba. Mtambo kama wa Kinyerezi II unarudia kutumia joto lake mwenyewe, unakaribia nusu. Ukitoa hasara ya nyaya, ya chaja na ya mota, bado gesi iliyopitia kwenye umeme inasogeza tairi mbali zaidi. Na sasa maji ya Rufiji yameingia. Bwawa la Nyerere lina mashine tisa za megawati 235, jumla 2,115. Shida ya maji mnaijua: mwishoni mwa 2022 na mwishoni mwa 2023 tulikuwa kwenye mgao. Bajaji ya umeme wakati wa mgao ni kiti cha kukalia.

Sehemu ya tatu haimo kwenye vitabu vya uchumi lakini ndiyo itakayotuvunja: mita. Wangapi humu wamepanga? Nyosheni mikono. Naona karibu ukumbi mzima. Wangapi mita ya LUKU ni yako peke yako? Saba. Basi tuna tatizo. Yuniti tisa kwa siku, siku ishirini na sita za kazi, ni yuniti 234 kwa mwezi. Nyumba yenu nzima ya vyumba sita labda ilikuwa inatumia nusu ya hizo. Siku ya kwanza utachomeka, mama wa chumba cha pili atakaa kimya. Siku ya tatu umeme utakwisha saa mbili usiku taarifa ya habari ikianza, na hapo ndipo utajua majina yako yote. Kuna jambo lingine la hatari: wale walioko Tarifu 4, wanaolipa shilingi 122 kwa yuniti kwa kuwa hawavuki yuniti 75 kwa mwezi. Bajaji moja ikianza kuchaji pale, mita inahamishiwa daraja la 356. Umewapandishia umeme majirani karibu mara tatu kwa ajili ya biashara yako. Mwenye nyumba atakuja na kufuli.

Wakenya wamelifikiria hili upande wao. Mwaka 2023 waliweka bei maalumu ya kuchajia vyombo vya umeme, shilingi 16 za kwao kwa yuniti, na 8 usiku. Sababu ya usiku kuwa nusu ni Olkaria, mitambo yao ya umeme wa mvuke wa ardhini. Mvuke huo haulali, watu wanalala, na mvuke usiotumika unaachiliwa hewani. Kwa hiyo bodaboda inayochaji saa nane usiku inakunywa kitu kilichokuwa kinamwagwa. Sisi nasi tukiwa na mashine tisa Rufiji, tunaweza kuiomba TANESCO bei ya usiku. Napendekeza mkutano huu uandike barua. Kuomba si kosa.

Sasa niseme na kamati ya mikopo, wengine mnaweza kunyoosha miguu.

Mwaka 2010 yuniti moja ya betri ya lithiamu iligharimu zaidi ya dola 1,000 kiwandani. Mwaka 2024 wastani wa dunia ulikuwa dola 115. Kwa mnunuzi hii ni habari njema: betri ya pili, ile utakayohitaji baada ya miaka sita, ina dalili zote za kuwa nafuu kuliko ya kwanza. Kwa mkopeshaji ni habari mbaya. Mwanachama akishindwa kulipa, tunakwenda kukamata nini? Bajaji ya petroli ya miaka mitatu tunaijua bei yake kila kijiwe. Betri ya miaka mitatu imeshuka kwa njia mbili: imechoka yenyewe, na mpya yake dukani imekuwa nafuu. Dhamana inayoshuka kwa miguu yote miwili si dhamana ya kukopeshea miaka minne. Na bei hizi haziendi kwa mstari ulionyooka. Lithiamu mwaka 2022 ilipaa China mpaka karibu yuani laki sita kwa tani, na mwaka 2024 ikawa chini ya laki moja. Mtu aliyejaza ghala la betri katikati hapo alilia.

Lakini betri ya lithiamu ina kitu ambacho injini haina. Ikishuka mpaka asilimia 80, haifai tena kukimbiza abiria kutwa nzima, lakini bado imebeba yuniti nane. Kinyozi anayetumia mashine mbili, taa na feni hatumii yuniti mbili kwa jioni nzima. Betri iliyostaafu barabarani inaweza kukaa saluni miaka mingi, imetulia, haina joto wala mashimo. Tukijenga soko hilo hapa, kila betri ya mwanachama itakuwa na bei ya mwisho inayojulikana, na dhamana itapata mguu wa kusimamia. Mafundi wa kulifanya hilo tunao, wengine wamekaa nyuma pale wakijifanya hawasikii.

Mmeniuliza pia kuhusu njia nyingine. Nitapita haraka. Mafuta ya mimea: wazee wa Kisarawe na Kilwa wanakumbuka mbono kaburi, yaani jatrofa, mwishoni mwa miaka ya 2000. Ardhi ya vijiji ilitolewa, mbegu ikapandwa, wawekezaji wakaondoka, ardhi haikurudi kirahisi. Mmea usiojali ukame ulijali ukame. Haidrojeni: umeme uutumie kupasua maji, uibane hewa yake kwa shinikizo kubwa, uibebe, kisha uigeuze tena umeme. Ukifika kwenye tairi umebakiwa na kama theluthi. Betri inakurudishia zaidi ya robo tatu. Meli na viwanda vya mbolea wataihitaji, bajaji haiihitaji. Jua: paneli za kilowati mbili na nusu zingetosha yuniti tisa kwa siku, ila jua linawaka wakati bajaji iko Kariakoo. Linafaa kijiwe chenye betri ya akiba, si mtu mmoja mmoja. Betri za sodiamu, yaani za chumvi, zimeanza kutoka viwandani China. Sisi watu wa pwani tungefurahi. Tusubiri tuzione.

Ethiopia wamekata shauri kabisa. Tangu Januari 2024 wamezuia kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli, kwa sababu umeme wa mabwawa wanao na dola za kununulia mafuta hawana. Rwanda, kuanzia Januari 2025, pikipiki mpya ya abiria Kigali isajiliwe ikiwa ya umeme. Sisemi tuige. Nasema hao wamefanya hesabu ya nchi, sisi leo tunafanya ya mtu mwenye mke na watoto watatu.

Na hiyo ya Kigali na Nairobi imesimama juu ya utaratibu mmoja: dereva hanunui betri. Ananunua pikipiki tupu, anafika kituoni, anatoa betri iliyoisha, anapewa iliyojaa, analipia, anaondoka dakika mbili. Kuoza kwa betri ni mzigo wa kampuni. Mdogo wangu angekuwa kwenye utaratibu huo asingesukuma mabati ya watu. Kwa dereva wa kupanga asiye na mita, hii ndiyo njia ninayoiona inaweza kufanya kazi Temeke. Ila someni mkataba. Betri ya kampuni hii haiingii kwenye pikipiki ya ile. Kampuni ikifunga vituo, au ikipandisha bei ya kubadilisha, una chuma chenye taa. Tuwabane kabla hatujasaini: bei ya kubadilisha ifungwe kwa muda gani, na wakiondoka dereva anauziwa betri kwa shilingi ngapi.

Gharama mbili zimebaki ambazo hakuna muuzaji atakayezitaja. Ya kwanza ni barabara. Kila lita ya petroli ina tozo ya barabara ndani yake. Chombo cha umeme hakilipi hiyo leo, lakini lami hailiwi na petroli peke yake. Watakapohamia wengi, serikali itaitafuta pesa ile mahali pengine. Mkopo wa miaka mitatu ujiachie nafasi hapo.

Ya pili ni kaburi la betri. Owino Uhuru, Mombasa, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za risasi kama hii mezani. Moshi uliingia majumbani, watoto wakakutwa na risasi kwenye damu. Mama mmoja, Phyllis Omido, alipigana miaka mingi, na mwaka 2020 mahakama ikaamua wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mkiuza betri chakavu kwa muuza skrepa anayezipasua kwa shoka kando ya mtaro, hiyo bilioni inaanza kuandikwa. Baba yangu alikohoa miaka kumi ya mwisho. Sijui ilikuwa ni nini, na hatukupima.

Kamati, nimesahihisha fomu ya mkopo, iko kwa katibu. Mkopo wa chombo cha umeme usizidi miaka mitatu, na betri ya risasi tusiikopeshee kabisa. Karatasi ya dhamana itaje betri kwa jina, kwa miaka, na kwa asilimia itakayokuwa imebaki. Kabla ya kutoa pesa fundi wetu aipime, na aipime tena kila miezi sita. Anayetaka gesi aendelee kupewa kama kawaida, sijaona sababu ya kumzuia.

Kipengele cha saba nimekiacha na nafasi tupu: namba ya mita itakayotumika kuchaji, na sahihi ya mwenye nyumba. Wale saba wenye mita zao wanaweza kujaza leo. Wengine tubaki baada ya chai, tuone kama kile kiwanja cha chama nyuma ya soko kinaweza kuwekwa mita moja na chaja kumi. Na kijana mmoja anisaidie kutoa hii betri mezani, taratibu, aishike kwa chini.